Barua ya wazi kwa Kamishna Goodell: mechi ya 18 hapana

Mheshimiwa Roger Goodell, Kamishna wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani,

Shikamoo. Umri wako unaruhusu na mie nimelelewa Tanga, kwa hiyo heshima utaipata hata nikiwa na hasira, na ninazo, maana unataka kila timu icheze mechi 18 kwa msimu badala ya 17.

Naishi Houston, mwanangu anacheza beki wa nyuma kwenye timu ya shule. Ijumaa iliyopita kagongana kichwa na mwenzie, kainuka anapepesuka, kamwambia kocha yuko fiti, karudishwa uwanjani. Usiku anatapika, mbio emajensi, bili bado hata haijafika naiogopa. Namuuliza baba kwa nini hukusema? Eti mama nikitoka namba yangu inachukuliwa. Ana miaka 16! Hayo kayatoa wapi kama si kwenye TV, kila Jumapili, kwenye ligi yako?

Maana tumeyaona. Septemba 2022 Tua Tagovailoa, kwotabeki (mrusha mpira) wa Miami wakati huo, aligongwa akayumba mbele ya dunia nzima kwenye mechi na timu ya Buffalo, akarudi kucheza, siku nne baadaye kule Cincinnati katolewa kwa machela vidole vimekakamaa. Mkabadilisha utaratibu wa kupima, haya, ahsante. Septemba 2024 timu yake iko nyuma 31 kwa 10, kachukua mpira anakimbia, angeteleza chini tu yakaisha, si sheria inamlinda kwotabeki anayeteleza? Yeye kainamisha kichwa kamvaa Damar Hamlin, beki wa Buffalo, yule yule ambaye moyo ulimsimama uwanjani Januari 2023. Na chini ya miezi miwili kabla ya mgongano huo Tua alishasaini mkataba wa dola milioni 212. Watu wakamwita mjinga. Mie nasema hivi, kama mwenye milioni zote hizo bado anatanguliza kichwa, yule kijana ambaye timu inaweza kumkata Jumanne asubuhi na hela iliyobaki kwenye mkataba asiione, atafanya nini? Atagonga tu, tena kwa nguvu, maana asipogonga haonekani.

Najua utaniambia mnapiga faini, mmepiga marufuku ukabaji ule wa kumdondokea mtu miguuni, mmeruhusu kofia laini juu ya helmeti. Na 2012 ulimfungia Sean Payton, kocha wa timu ya Saints, msimu mzima kwa sababu ya zile hela walizokuwa wanapeana kwenye timu yake wakimuumiza mpinzani, hapo nilikupigia makofi. Ila mkuu, hela ya chini ya meza umeikataza, ya juu ya meza inafanya kazi ile ile! Chris Borland, beki wa timu ya 49ers, alicheza msimu mmoja, akapiga hesabu zake, 2015 akaacha akiwa na miaka 24, na sehemu kubwa ya bonasi ya kusaini akairudisha. Yaani hata kuokoa kichwa chako unalipia.

Na wachezaji wenu wa zamani walioharibika ubongo wakaja kudai fidia, wakapimwa kwa kipimo kinachodhani mtu mweusi akili yake ilianzia chini. Mpaka mkashtakiwa, ndio 2021 mkaahidi kuacha. Hilo kama mama mweusi silisahau, naomba na wewe usilisahau.

Mwaka huo huo wa 2021, katikati ya hotuba za usalama kwanza, mkaongeza mechi ya 17. Sasa umetamka mwenyewe hadharani kwamba unatamani 18. Hivi usalama gani huo unaongezewa vichwa kugongana? Faida inaenda kwa wenye timu, kichwa ni cha mtoto wa mtu.

Nilitaka nikuombe mikataba yote iwe na dhamana, mtu akiumia alipwe mpaka mwisho, ili aweze kusema naumwa bila kuogopa. Lakini najua hilo utanizungusha, utasema ni mambo ya chama cha wachezaji. Basi nipe hili moja. Usiongeze mechi ya 18. Ukikaa na wenye timu wakaleta mahesabu yao ya matangazo, waambie hapana, Kamishna, mechi ya 18 hapana.

Mama wa beki, Houston