Sheria za korona zilizuia na bakteria wa damu pia

Mhariri,

Watu bado wanasema zile sheria za korona za 2020 zilikuwa usumbufu mtupu, kufungiwa Mji wa Kale mwezi wa tano, kunawa mikono kabla ya kupanda feri Likoni, barakoa kwa matatu, skuli kufungwa. Hasara tuliiona, sipingi, watu walilala njaa. Lakini kuna faida moja haisemwi kabisa nayo ni hawa bakteria wanaoingia kwa damu.

Wanasayansi walikusanya takwimu za nchi na maeneo 26, wakaona maradhi makali ya numokokasi, yule bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, yalishuka sana mara tu watu walipoanza kukaa mbali mbali. Sasa hapa ndo pananishika, kuna bakteria mwengine, streptokokasi kundi B, ambaye haambukizi kwa kukohoa, mtoto humpata kwa mamake akizaliwa, na huyo hakushuka! Kwa hiyo si kwamba watu waliogopa tu kwenda hospitali, kweli maambukizi ya hewani yalipungua.

Ila si maambukizi yote ya damu yalishuka, Marekani mwaka huo huo yale yanayotokana na mipira ya kupitishia dawa mishipani yaliongezeka mahospitalini, manesi walizidiwa na kazi.

Sitaki tufungiwe tena. Nataka kaunti irudishe maji na sabuni pale feri na wazazi wamalize chanjo ya numokokasi, iko kwa ratiba ya watoto tangu 2011.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa