Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali: mizani yangu inakaguliwa, yako je?

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Salaam kutoka Moshi. Nauza nyanya na viazi Mbuyuni. Kila mwaka mizani yangu inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, inabandikwa stika, nami nalipa. Sijawahi kuambiwa, "Mama, jikague mwenyewe." Wala sijaona kwamba kukaguliwa ni kuitwa mwizi.

Ofisi yako hututangazia mfumuko wa bei kila mwezi. Huku mezani kwangu, fungu la nyanya la shilingi 1,000 lilikuwa na nyanya nane. Siku hizi ni tano. Bei ni ileile! Mdadisi wenu anayekusanya bei akiuliza tu "fungu shilingi ngapi?", ataandika kwamba hakuna kilichopanda. Viazi ndiyo usiseme: lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, na gunia la kawaida yote yanaitwa gunia. Najua wataalamu wenu wanajua kupima uzito. Ninachouliza ni nani, asiye mtu wa ofisi yako, anayehakikisha kwamba siku ya kuandika bei uzito ulipimwa kweli.

Fedha za serikali zina CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti yake tunaisikia bungeni. Lakini kwa Sheria ya Takwimu ya 2015, ofisi yako inatoa takwimu na hapohapo inasimamia ubora wake.

Uingereza walitunga sheria mwaka 2007 wakaunda mamlaka ya takwimu inayowajibika kwa bunge, si kwa waziri. Januari 2014 mamlaka hiyo ilizivua takwimu za uhalifu za polisi wa England na Wales hadhi ya "takwimu za taifa", yaani alama ya ubora, kwa kuwa uandikaji wa makosa ulitiliwa shaka. Ziliendelea kutolewa, ila msomaji alishajua anasoma nini. (Mamlaka hiyohiyo ndiyo inayosimamia na ofisi inayotoa takwimu. Hapo nisingewaiga.)

Sisi tulianza na wanaohoji takwimu za serikali: mwaka 2018 sheria ikawabana, 2019 ikawalegezea. Ahsante. Ila kuniruhusu nihoji bado hakujampa mtu kazi ya kukagua.

Naomba upeleke serikalini pendekezo la mkaguzi wa takwimu asiyeteuliwa nawe wala na waziri, anayeweza kutua sokoni bila taarifa na kusema hadharani takwimu ipi haijafikia kiwango. Akija Mbuyuni, fungu langu apime. Mizani ipo, na stika ni ya mwaka huu.

Mama muuza nyanya,
Moshi