Uwanja wa mazoezi wa Malindi uanzie chini ya nyasi

Kwa Mhariri,

Tangu pendekezo la kujenga uwanja mpya wa mazoezi lianze kuzungumzwa hapa Malindi, vijiwe vya kahawa vimegawanyika kwa mambo mawili: uwanja uwekwe upande gani wa mji, na jukwaa libebe watu wangapi. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba la jukwaa linaweza kusubiri miaka. Uwanja wa mazoezi kazi yake ni kukanyagwa kila siku, na kitakachoamua kama utafaa ni udongo, maji na tarehe ya kupanda nyasi. Hayo matatu hatujayasikia yakijadiliwa.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo rahisi kukosea. Ligi Kuu ya Kenya kwa kawaida huanza Agosti au Septemba, kwa hivyo maandalizi ya msimu, yenye wiki 6 kamili, huangukia Julai na Agosti. Huo ni wakati wa kusi. Jua limepoa ukililinganisha na Februari na Machi, upepo haukosi, na mvua za mwaka, yaani masika, zimekwisha kupungua. Kwa mwili wa mchezaji hayo ni majira mazuri mno. Kwa nyasi changa ni mwanzo wa kiu. Mwaka wa fedha wa kaunti hufungwa Juni 30, na kazi ikikimbizwa dakika za mwisho, nyasi zitapandwa Juni, mvua ikiaga. Vipando vya ukoka vilivyopandwa kwa mistari iliyoachana sentimita 20 hadi 30 huhitaji wiki 8 hadi 12 kufunga ardhi. Vya Juni, hata vikimwagiliwa vizuri, vitakuwa bado vinatambaa Agosti, timu itaingizwa hivyo hivyo kwa sababu msimu haungoji, na vitang'olewa na njumu kabla ya mizizi kushika.

Hesabu sahihi inakwenda kinyumenyume. Tukitaka nyasi ziwe tayari mwanzoni mwa Julai, zipandwe wiki ya kwanza ya Aprili. Ili zipandwe Aprili, kazi ya tingatinga, mitaro na mchanga ikamilike kati ya Januari na Machi, ardhi ikiwa kavu. Basi zabuni itolewe mwaka uliotangulia. Kandarasi ikichelewa hata kwa miezi miwili, heri kungoja vuli ya Oktoba na timu ifanye maandalizi kwingine kuliko kupanda nje ya majira.

Sasa udongo. Pembezoni mwa Malindi mtu anaweza kupewa ardhi ya namna tatu. Karibu na pwani kuna mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo mchache. Hapo maji hupita vizuri, lakini mizizi haina pa kwenda na jiwe likichomoza ni hatari kwa magoti. Kandokando ya mto Sabaki kuna udongo wa mfinyanzi ulioletwa na mafuriko, wenye rutuba, ila ukinyeshewa ni tope na ukikauka unapasuka na kuwa mgumu kama sakafu. Juu upande wa Magarini kuna mchanga mwekundu, unaopitisha maji upesi lakini haushiki mbolea wala unyevu. Hakuna kati ya hizo tatu inayofaa kupandwa ilivyo. Kila moja ina dawa yake, na bei zake hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana kuchagua eneo kwa kuangalia barabara peke yake ni kosa.

Uwanja wa kawaida ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Ukiongeza nafasi ya pembeni ya kukimbilia na kupasha moto, tenga mita 120 kwa 80, takriban ekari mbili na nusu. Tabaka la kuotesha nyasi likiwa na kina cha sentimita 30, uwanja pekee unameza mita za ujazo 2,142 za mchanga uliochanganywa na mboji. Lori la kubeba mita 10 za ujazo litakwenda na kurudi mara 215. Tunayataja haya kwa sababu hapa ndipo mkandarasi hupata kishawishi cha kupunguza, na sentimita 30 hugeuka 10 bila mtu kuona, kwa kuwa siku ya kukabidhi yote yanaonekana kijani. Fedha zisitoke mpaka mtu achimbe mashimo kumi sehemu mbalimbali na kupima kwa rula. Mchanga wa ufukweni usikubaliwe hata ukiwa bure: una chumvi, na chembe zake zikiwa ndogo sana hushikana na kuzuia hewa. Wa mtoni ni bora, mradi uchimbwe kwa kibali na uchekechwe.

Chini ya tabaka hilo kuwe na mitaro yenye kina cha sentimita 50 hadi 60, ndani yake mabomba yenye matundu, ya kipenyo cha milimita 100, yakizungukwa na kokoto safi, mtaro na mtaro uachane mita 5 hadi 10 kulingana na udongo. Juu, uwanja uwe na mgongo: mteremko wa asilimia 1 kutoka katikati hadi pembeni ni sentimita 34 kwenye upana wa mita 34, na macho hayauoni. Mvua ya milimita 40 ikishuka kwa saa moja, jambo linalowezekana Mei, inamwaga lita 285,600 juu ya uwanja. Kama mabomba hayana pa kumwaga, maji hayo yatarudi na kusimama kwenye boksi la kipa. Mara nyingi mitaro huchimbwa vizuri, halafu bomba kuu linaishia kwenye kichaka bila mfereji wa kulipokea.

Baada ya mvua inakuja shida ya pili, maji ya kumwagilia. Wakati wa jua nyasi hupoteza takriban milimita 5 za maji kwa siku, sawa na lita 35,700 kwa uwanja mzima. Hayo ni maboza manne ya lita 10,000 kila siku, kwa hiyo mpango wa kununua maji ya boza haufai kuandikwa. Maji ya mfereji Malindi hutoka visima vya Baricho kandokando ya Sabaki, na kuyategemea kwa uwanja ni kuyapokonya majiko ya watu. Kinachobaki ni kisima, tangi la kuhifadhi maji ya siku mbili, na bomba la kunyunyizia. Kisima cha karibu na bahari huwa na chumvi, na kadiri pampu inavyovuta kwa nguvu ndivyo chumvi inavyopanda. Maji yapimwe maabara kabla ya kuchagua nyasi, wala si baadaye. Yakiwa na chumvi kiasi, ukoka utavumilia. Ikizidi, ipo paspalamu, nyasi ya asili ya kandokando ya bahari. Nyasi aina ya kikuyu, inayopendwa na makandarasi wa bara, imezoea baridi ya nyanda za juu na haina mahali hapa.

Kuhusu nyasi bandia, tunaelewa kwa nini wengi wanazitaka: hazihitaji mvua, na zinabeba saa nyingi za mchezo. Ila juani huweza kupita nyuzi 60 za selsiasi, huchakaa baada ya miaka 8 hadi 10 hivi, na fedha za kuzibadilisha lazima zianze kuwekwa mwaka wa kwanza. Kama hakuna mfuko huo, tusizianze.

Kwa nini tunasisitiza ardhi namna hii? Kwa sababu maandalizi ya msimu ndiyo wakati ambapo mchezaji anakimbia zaidi akiwa na misuli iliyopumzika, na ardhi humrudishia kila kosa. Udongo mgumu huleta maumivu ya miundi wiki ya pili au ya tatu. Mchanga mlaini huvuta kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu. Timu zetu zimezoea kupelekwa ufukweni, na kuna faida, lakini kukimbia kwenye mchanga mlaini hugharimu nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu. Kocha akiwapa dakika 60 za mchanga kana kwamba ni dakika 60 za uwanjani, amewapa mzigo ambao hakuupanga. Ufukweni iwe dakika 20, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umeshikana, na wageuze mwelekeo nusu ya muda, kwa sababu ufuko umeinama na mguu mmoja unaumia.

Uwanja ukiwa sawa, wiki 6 zinajipanga. Wiki mbili za kwanza ni mbio za kadiri na mpira mwingi kwenye viwanja vidogo. Mzigo uongezwe kidogo kidogo, wengi hushika kipimo cha asilimia 10 kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne ni mbio kali na mazoezi ya nguvu, na mbili za mwisho ni mechi za kirafiki na kupunguza. Kila kipindi kianze na FIFA 11+, mpango wa kupasha mwili moto wenye mazoezi 15 unaochukua dakika 20: dakika 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu na mizani, 2 za mbio. Hauhitaji kifaa zaidi ya koni, na ukifuatwa mara kwa mara hupunguza majeraha. Wengi huuruka kwa sababu ya haraka ya kumaliza kabla ya Magharibi. Dawa yake ni kuanza mara baada ya Alasiri.

Maji ya kunywa nayo yapimwe. Mchezaji apimwe uzito kabla na baada ya mazoezi. Mwenye kilo 70 akipungua kilo 1.4 amefika asilimia 2, na hapo kasi na akili zinaanza kushuka. Kila kilo iliyopotea irudishwe kwa lita moja na nusu, polepole, pamoja na chumvi kidogo kwenye chakula. Mizani ya bafuni inatosha.

Kwenye ramani, uwanja ulale kaskazini kwa kusini. Jua letu huzama upande wa magharibi mwaka mzima, na mazoezi ya jioni ndiyo saa ambayo lingempiga kipa machoni. Kusi itavuma kwa urefu wa uwanja. Mivinje upande wa kusini itaivunja, ipandwe mita 15 kutoka kwenye mstari ili mizizi isinyonye maji ya nyasi. Magoli yawe ya kuhamishika, yafungwe ardhini kila yanapotumika kwa sababu goli lisilofungwa huweza kumwangukia mtoto na kumuua, na kila wiki yasogezwe ili nyasi za mbele ya kipa zipumzike.

Mwisho kuna suala la nani atautumia. Nyasi za kawaida juu ya udongo usio na mitaro hubeba saa 4 hadi 6 za mchezo kwa wiki. Zenye mitaro na mchanga hubeba zaidi, lakini si kila timu kila siku. Ratiba iandikwe kabla ya uwanja kufunguliwa, shule na timu za wanawake zikiwa na siku zao, na ajiriwe mtunzaji mmoja wa kudumu mwenye mashine ya kukata, nyasi zikatwe mara mbili kwa wiki zibaki milimita 25 hadi 30. Mshahara wake uwe kwenye bajeti ya kila mwaka.

Tunapendekeza jambo moja lifanyike mwezi huu, kabla ya kikao cha wananchi kuhusu uwanja huu. Kwenye kila eneo linalotajwa, zichimbwe shimo nne za upana wa sentimita 30 na kina cha 60. Zijazwe maji, yaachwe yanywe, zijazwe tena, kisha ipimwe yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Chini ya mbili na nusu, eneo hilo litadai mitaro mingi na bei yake itajwe wazi kikaoni. Ni kazi ya vijana wanne, majembe na pipa la maji, na tuko tayari kuifanya.

Mashabiki wa soka,
Malindi.