Laisini ya kuku na breki ya bakteria

Mhariri,

Laisini, asidi amino (tofali la kujengea protini) inayochanganywa kwenye chakula cha kuku, maana mahindi yana upungufu wake, hutengenezwa na bakteria: Corynebacterium glutamicum, aliyegunduliwa Japani miaka ya 1950. Kwa asili bakteria huyu ni bahili. Laisini na threonini, asidi amino nyingine, zikijaa pamoja ndani ya seli, hung'ang'ania aspatokinesi, kimeng'enya kinachoanzisha njia ya kutengeneza laisini, na kukizima, uzalishaji ukasimama.

Dawa yake ni ndogo ajabu. Kwenye nafasi ya 311 ya mnyororo wa asidi amino unaounda kimeng'enya hicho, threonini hubadilishwa kuwa isolusini, asidi amino tofauti. Ni badiliko la herufi moja tu ya DNA. Breki haishiki tena, kimeng'enya kinaendelea na kazi.

Anayedhani mambo yameishia hapo anajidanganya. Aspateti, malighafi ya kimeng'enya hicho, hutokana na oksaloasetati. Oksaloasetati ikiwa haba, kuondoa breki hakusaidii sana, ndiyo maana huimarishwa pia pairuveti kaboksilesi, kimeng'enya kinachoitengeneza. Halafu kuna tangi la kukuzia bakteria: nyuzi 30 hivi, pH karibu na 7, amonia ikidondoshwa kidogo kidogo (inashikilia pH na papo hapo inaleta nitrojeni). Hewa ikipungua, sukari nyingi anayolishwa bakteria huishia kuwa asidi ya laktiki na ya saksiniki, na laisini hushuka.

Wasomaji wenu,
Morogoro