Simu isivunje neno kwa niaba ya mwanafunzi

Mhariri,

Kila muhula unapoanza hurudi ule mjadala wa kupiga simu marufuku katika madarasa ya Kiswahili kwa wageni vyuoni. Mimi naona tumekosea mshtakiwa. Kosa ni kazi tunayoiachia simu.

Tazama neno "hawakutupikia". Anayetumia kamusi halipati kwenye H. Lazima alivunje: ha- ya kukanusha, -wa- ya watenda, -ku- ya wakati uliopita, -tu- ya watendewa, mzizi -pik-, -i- ya kutendea, -a ya kumalizia. Ndipo afungue P. Akilitia zima kwenye programu ya kutafsiri, maana inatoka papo hapo na hajagusa kiambishi hata kimoja. Kesho akikutana na "hatukuwapikia", kwake ni neno geni kabisa.

Na tafsiri yenyewe ina mitego. "Tukutane saa mbili asubuhi" ikitafsiriwa kwa kufuata tarakimu tu, mgeni ataweka kengele ilie saa nane usiku! "Paa" nayo ni ya nyumba, ni mnyama, ni kuruka juu, na jikoni ni kutoa samaki magamba. Atajuaje ipi, kama hakusoma sentensi nzima?

Simu ina faida kubwa kwenye sikio na ulimi. Apakue habari ya redio ya nusu dakika, kisha aweke simu katika hali ya ndegeni, maana ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kumtoa kwenye somo. Asikilize mara mbili bila kalamu, mara ya tatu aandike, halafu alinganishe na maandishi ya mwalimu. Mwisho ajirekodi akisoma. Hapo ndipo atasikia mwenyewe kwamba "ng'ombe" yake inaanza kama "ngoma".

Kadi za msamiati za kwenye simu pia ni nzuri, ila zisibebe neno pekee. "Refu" haimfundishi kitu. Aandike "mti mrefu, miti mirefu", "kisu kirefu, visu virefu", ngeli zimwingie pamoja na neno. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha. Akianza na 30, marudio ya zile za nyuma yatalimbikizana hadi mamia kwa siku, na wengi huachia hapo.

Mtihani wa viambishi ufanywe kwa karatasi, simu zikiwa mkobani.

Mwalimu wa Kiswahili kwa wageni,
Unguja