Joto la tofali si joto la hospitali

Bwana Mhariri,

Tangu mchapishe makala kuhusu plasma na joto kuunganishwa dhidi ya saratani, hapa Kadutu nimeshaulizwa mara tatu bei ya "ile plasma". Mama mmoja alidhani ni ya damu, ile tunayowatundikia wagonjwa. Siyo. Hii ni gesi iliyopigwa umeme mpaka ikawaka. Radi ni plasma, na cheche ya fundi anayechomelea mageti ni plasma. Wataalamu wamepata namna ya kuitengeneza baridi, isiunguze ngozi, na Ujerumani huitumia kwenye vidonda sugu. Kwa saratani bado iko zaidi kwenye vibakuli vya maabara na panya. Hilo mlilisema, ila kwa mstari mmoja mwishoni.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni joto. Mama yangu mdogo aliota uvimbe kwenye titi, na mganga mmoja wa mtaani akamwambia saratani inaogopa moto. Kila jioni akakandwa kwa tofali lililotoka jikoni, limezungushiwa kitenge kilicholowa maji ya chumvi. Nilipomfungua blauzi, miezi mitatu baadaye, malengelenge yalikuwa yamepasuka na kitambaa kimegandia ngozi. Chini yake uvimbe ulikuwa umefika ukubwa wa ndimu. Kidonda kile kilitugharimu wiki sita kabla hajapasuliwa. Mganga alishakula mbuzi wake.

Kinachouma ni kwamba kuna ukweli aliouokota mahali. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe wa saratani imekaa ovyo, hivyo ukipata moto haupoi upesi kama nyama nzima. Ukifikishwa nyuzi 40 hadi 43, seli zake hushindwa kujitengeneza baada ya kupigwa mionzi. Uholanzi walipima hilo kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, matokeo yakatoka mwaka 2000: waliopata mionzi peke yake, asilimia 27 walikuwa hai baada ya miaka 3, waliopata mionzi na joto, asilimia 51. Mionzi NA joto. Tofali halina kipimajoto, halifiki ndani, na ukitaka mionzi unavuka mto Ruzizi kwenda Kigali, Rwanda, kama nauli ipo.

Joto lisilongoja mionzi lipo, nanyi hamkuligusa. Shirika la Afya Duniani (OMS) lililitolea mwongozo mwaka 2019: kifaa cha kushika mkononi, ncha yake ikipata nyuzi 100 au zaidi, huunguza doa kwenye mlango wa kizazi kabla halijageuka saratani. Vipo vinavyotumia betri, na kwa umeme wetu huu wa kukatika sihitaji kueleza. Nilikishuhudia kwenye mafunzo. Mgonjwa alinishika vidole, nikahesabu sekunde kimoyomoyo, kabla sijafika sitini akauliza, "Dada, imeisha?" Akajifunga kitenge, akaenda kwake kwa miguu. Si kila doa linafaa. Lililoingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi, au ambalo ni saratani tayari, lina njia nyingine. Ndiyo maana kipimo cha siki, inayopakwa kwenye mlango wa kizazi ili doa lionekane jeupe, hutangulia.

Basi toleo lijalo mtuandikie ni vituo gani vya afya hapa Bukavu vinapima kwa siki, siku zipi, kwa bei gani. Ukurasa huo nitaukata niubandike mlangoni petu.

Muuguzi, Kadutu, Bukavu