Risala ya Vijana wa Dodoso kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa kamati, wasanii na nyote mliofika, tunawasalimu sana na karibuni.

Sisi ndo wale vijana wa dodoso la tamasha letu, wale wa kukusimamisha getini wakati una haraka ya kuwahi shoo. Kazi tuliyopewa ilionekana nyepesi: waulize wageni wa ndani na wa kutoka nje wameridhika kiasi gani, 1 mpaka 5, kipimo alicholeta mwanasaikolojia Likert mwaka 1932, kisha linganisha basi. Weee, si hivyo!

Wa nje kalipia ndege, kalipia hoteli, likizo kaisubiri mwaka mzima, ngoma ikilia tu anatoa 5, hata spika ikikoroma anaona ndo ladha yenyewe. Wa ndani anakwambia mwaka jana viti vilikuwa karibu na jukwaa, tiketi imepanda, na huyu msanii nishamwona mara tatu, anatoa 3. Na shoo ni ileile! Mtafiti Oliver alishaandika 1980 kwamba kuridhika ni ulichopata ukikipima na ulichotarajia, sisi tumeyaona live. Halafu kuna watu kwao kutoa 5 ni kujipendekeza na wengine kutoa 2 ni kukosa adabu, sasa 4 ya huyu na 4 ya yule unazilinganishaje?

Kinachotuuma mheshimiwa, ripoti ikiwachanganya wote kwenye wastani mmoja inatoka nzuri, makofi yanapigwa, yule wa 3 anapotelea humo. Na ndo huyo anayeweza kurudi mwakani na ukoo mzima. Edinburgh walipoanza tamasha lao la kimataifa 1947, vikundi 8 visivyoalikwa vilijitokeza vyenyewe vikaonyesha kazi pembeni, vingi vya hapohapo Uskoti, ndo ikazaliwa Fringe, tamasha la pembeni. Yaani mwenyeji akiona mlango si wake anatoboa wake.

Tunaomba matokeo yasomwe mafungu mawili, dodoso litafsiriwe na watu wa lugha husika (si kutafsiriwa na simu), na swali la "unatarajia nini" liulizwe mtu akiwa anaingia, maana akitoka keshasahau.

Na vyoo, mheshimiwa. Hapo wa ndani na wa nje walikuwa kitu kimoja.

Naomba kuwasilisha.